Sista Kunegunda wa Maposeni na Watoto Waliotapika

Alizaliwa Maposeni mwezi Juni 1934, mahindi yakiwa yanavunwa, mtoto wa tatu wa mzee Pankrasi, akabatizwa kwa jina la Kunegunda. Tangu utotoni alikuwa na haraka: ya kazi, ya kujibu, na ya kuudhika. Aliitikia wito wa utawa mwaka 1955, akasomea uuguzi, akatumikia wodi ya watoto katika hospitali moja ya misheni karibu na Songea kwa zaidi ya miaka thelathini. Akina mama walimpenda na kumwogopa. Hofu hiyo yeye aliidhania heshima.

Wengine wangeuruka mwaka 1989, mimi siuruki. Hilda wa Ruhuwiko alimleta mwanawe wa kwanza, Sixbert, wa wiki tano, aliyetapika kila anyonyapo. Nyumbani walikuwa wamekwisha kumkata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, maana wengi waliamini ndicho kiletacho matapishi. Sista alipokiona kidonda alimkemea Hilda mbele ya foleni nzima, kisha akalitibu koo. Siku ya tatu mtoto alifariki. Daktari mmoja mzee ndiye aliyemweleza baadaye kwamba upo ugonjwa wa nadra ambao msuli wa njia ya kutokea tumboni hunenepa, maziwa yasipite, na mtoto hufa kwa njaa akiwa kifuani kwa mama yake. Sista alikwenda Ruhuwiko kwa miguu, akapiga magoti.

"Nilitazama koo, mwanangu, na ugonjwa ulikuwa tumboni. Nisamehe."

Hilda aliingia ndani, akafunga mlango. Tangu hapo Sista hakulala vizuri, na kila mtoto aliyetapika alimtia baridi.

Mwaka 1993, maduka ya watu binafsi ya dawa yakifunguliwa kila kona, alifika Mwanne kutoka Nalasi, siku mbili juu ya lori, na mwanawe Daimu wa mwezi mmoja, ngozi imekunjamana, utosi umebonyea. Alikuwa amemnywesha chupa tatu za dawa za dukani.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mama. Mmemkata kimeo?"

"Hapana."

Sista alikwisha kukiona kidonda. Ulimi ulimwasha, akaumeza ukali wake, akamvutia Mwanne kiti. "Kaa. Sitakufukuza. Niambie tu, alianza kutapika kabla ya kukatwa, au baada?"

Mwanne alilia. "Kabla. Wiki nzima kabla. Na akishatapika anataka kunyonya tena. Akina mama hapo nje waliniambia nisiseme, utanifukuza."

Daktari Athanasi, kijana mwenye akili, aliamini kidonda cha koo ndicho kisa. Sista alimsihi aweke mkono juu ya tumbo kuutafuta ule msuli, mtoto akinyonya, asiutoe. Mara ya kwanza hakugusa kitu. Mara ya pili hakugusa kitu, na Sista akaogopa kwamba safari hii anakosea upande mwingine, na kisu cha upasuaji usiohitajika kitamuua mtoto wa watu. Mara ya tatu tumbo lilifanya wimbi kutoka kushoto kwenda kulia, na chini ya vidole vya daktari pakasimama kitu kigumu kama njugumawe.

"Nakishika," alisema taratibu.

Siku mbili walimtia maji ya chumvi mshipani kwanza, maana mtoto mkavu hahimili upasuaji. Mshipa ulipotea mara nne. Sista alisali bila maneno. Siku ya tatu msuli ulipasuliwa, na jioni Daimu alinyonya, maziwa yakabaki.

Sista alifariki Novemba 1998. Watu husema mkono wake ulikuwa na muujiza. Kanisa halijatamka neno, nami sitalitangulia. Daktari Athanasi aliniambia muujiza alioushuhudia yeye ni kwamba akina mama waliacha kumficha mambo, wakaanza kuja mapema. Kwenye mazishi Mwanne alikuja na Daimu wa miaka mitano, akasimama nyuma, kwa kuwa hakuzijua sala zetu. Alipoulizwa marehemu alikuwa nani kwake, alijibu, "Nilimwendea na uongo, wallahi, akanipa kiti."

Ndugu, aliyekosea akija kwetu na mgonjwa mkononi, tumkalishe kwanza.