Besi la Babu Lapewa Amri ya Kuhama

Ndugu wananchi, natangaza rasmi: leo besi la babu limepewa amri ya kuhama nyumbani kwetu Ndungu.

Ni lile gitaa la besi la kusimama, kubwa kuliko yeye, alilopiga ujanani kwenye bendi ya shamba la mkonge.

Bibi anataka nafasi ya magunia ya mpunga.

"Tulipohamia kijiji cha Ujamaa, mzee huyu alipakia hilo kwenye lori, kitanda chetu akakiacha!"

Babu aliliendea besi lake. Alilikumbatia, akalipiga peke yake.

Jamani! Sauti nzito, ya polepole, kama mtu mzima anayeomba radhi bila kutamka neno. Mngekuwa nyie, mngelitoa?

Bibi akakaa juu ya gunia. Kisha akajifuta macho kwa kanga.

"Haya, libaki. Mpunga utakaa chumbani kwa huyu."

Huyu ni mimi. Kitanda changu kiko nje.