Tulivyoshuka Kihagara na Baiskeli ya Marehemu Baba

Siku hizi kila Jumamosi vijana hupita hapa Litembo na baiskeli zao za milimani, zile za matairi mapana, wakielekea ziwani. Nikiwa nimekaa nachambua maharage, husikia magurudumu yao ya nyuma yakilia tik-tik-tik pale wanapoacha kukanyaga na kuiachia baiskeli ishuke yenyewe. Juzi mmoja alisimama kuomba maji. Akaniamkia vizuri, akanywa, kisha akaniuliza kama mimi bibi niliwahi kupanda baiskeli. Nikamwambia arudishe kikombe.

Mimi si mtu wa kuandika, shule niliishia darasa la tatu. Lakini hili nawaandikia mwenyewe, asije mtu akalisimulia vibaya.

Baba ndiye aliyenifundisha, kwenye uwanja wa kanisa. Baiskeli ilikuwa ya kiume, nyeusi, yenye lile bomba la juu, na mimi nilikuwa mfupi. Kwa hiyo nilipenyeza mguu chini ya bomba, nikaendesha nimejipinda kama mtu anayechungulia dirishani. Akina mama wa pale wakasema mtoto wa kike akiendesha baiskeli anaharibika, hatazaa. Nimezaa saba.

Kisha baba akafariki, akaniacha na mama, mimi mtoto wao wa pekee. Matanga hayajapoa, Baba Mkubwa, kaka yake, akaja kumwambia mama kwamba baiskeli ni chombo cha mwanamume, na nyumba yetu haina mwanamume, basi Jumapili jioni atakuja kuichukua. Akaongeza kwamba mama naye afikirie kurudi kwao. Mama alikuwa Mnyasa wa Kihagara, kule chini ziwani, na miaka yote aliyolima nasi, watu wa kwa baba hawakuacha kumwita mgeni. Hata mimi mtoto niliona kwamba ikitoka baiskeli kitafuata kitanda, kisha mibuni, kisha sisi wenyewe.

Jumamosi alfajiri mama akaniamsha, akaikaza sketi yangu kwa kitambaa isinaswe na cheni, akasema tunakwenda kwa wajomba.

Breki zilikuwa zimekwisha raba. Tukafanya kama walivyofanya wanaume: tukakata tawi bichi lenye majani mengi, tukalifunga nyuma liburuzike lituzuie. Mama akakaa kwenye keria, miguu upande mmoja kama yuko kanisani, mikono kiunoni kwangu. Mpaka leo naisikia ile harufu ya majani yanayosagika kwenye vumbi jekundu, na upepo ulivyonitoa machozi. Watu mashambani walisimamisha majembe. Mmoja akasema kwa sauti kwamba mjane anatoroka na mali. Mama akaniambia nipige kengele.

Halafu tawi likakatika. Baiskeli ikaenda mbio, mpaka miguu yangu ikashindwa kuzifuata pedali. Lakini baba alikuwa ameniambia: breki ikikosa usitafute mti, tafuta ngolo. Ngolo ni yale mashimo tunayochimba kwenye mashamba ya miteremko ili mvua isichukue udongo, na kingo zake huwa laini kwa sababu ya majani tunayoyafukia ndani. Nikaiingiza baiskeli kwenye maharage ya watu. Tukaruka ukingo wa kwanza, wa pili ukatupokea. Mama alitua amekaa ndani ya shimo, kitambaa cha kichwa kimemfunika uso, mche wa maharage mkononi. Nikangoja anichape. Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akaurudishia ule mche ardhini, akaushindilia kwa vidole, ndipo tukatafuta tawi jingine.

Kihagara wajomba walitupokea kwa usipa, vile visamaki vyao vya ziwani, na ugali wa muhogo. Nikaendesha kwenye mchanga mgumu kando ya maji, hakuna mlima, hakuna wa kuniambia nitaharibika. Jioni wajomba wakamwambia mama chumba kipo tayari, abaki, baiskeli iingizwe ndani. Mama akala, akashukuru. Nililala nikijua tumehamia ziwani.

Asubuhi akasema tunarudi. Nililia bila aibu. Sikuona ni akili gani hiyo, mtu kuacha tambarare akasukume chuma mlimani kwenda kwa watu wasiomtaka. Tulisukuma, mimi kwenye usukani, yeye nyuma, jua la utosini.

Nyumbani tulimkuta Baba Mkubwa uani na majirani, anawaeleza jinsi mama alivyotoroka. Akainuka, akashika usukani.

“Lete. Hiki ni chuma cha wanaume.”

Mama alikuwa bado anahema. “Shemeji, mwenye kuiendesha ni huyu. Kama unaye mwingine wa nyumba hii, mlete nimwone.” Kisha akanigeukia. “Panda.”

Nikapenyeza mguu chini ya bomba, nikapanda. Nikamzunguka Baba Mkubwa, nikamzunguka tena, naye anageuka palepale kunifuata kwa macho kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mzee mmoja jirani akasema taratibu, “Mwache mtoto na baiskeli ya baba yake.” Wengine wakacheka. Baba Mkubwa akachukua kofia yake, akaondoka. Baiskeli ikabaki, na kitanda, na mibuni.

Miaka mingi nilijisifu kwamba niliyeiokoa ni mimi, kwa ile mizunguko yangu. Mpaka nilipofiwa na mume. Watu wake walikuwa wamekwisha kuigawana kahawa yangu kwa macho. Watoto wa wajomba wakaniita Kihagara, wakanionyesha chumba, kitanda kimetandikwa, wala hawakuwa na ubaya. Nimekaa juu ya kitanda kile, ndipo nilipomwelewa mama. Hakwenda Kihagara kukimbia. Alikwenda kuona kama kwao bado kuna mlango, ili akirudi kwa wale wanaomwita mgeni, yeye ajue na wao wajue kwamba hakukosa pa kwenda. Amekaa kwa kupenda.

Nilikula walichonipikia, nikawashukuru. Asubuhi nikafunga khanga yangu nikapanda mlima. Niko hapa.