Choo Ambacho Hakikuwa Kwenye Tamthilia

Mwalimu Naftaly Njuguna hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana huko mbele utamkasirikia, na utakuwa na haki yako. Alikuwa amefundisha fasihi miaka ishirini na sita, kumi na mmoja ya mwisho katika shule ndogo ya kutwa upande wa Kariandusi, ambako vumbi jeupe hutua juu ya kila kitu, hadi kwenye kope za wanafunzi wanaotembea kuja shuleni. Siku za wiki alilala kwenye chumba cha kupanga karibu na shule. Ijumaa jioni alirudi Rhonda, mtaa wa Nakuru, kwa mkewe, Wawira, mshonaji wa sare za shule.

Wanafunzi walimwita Ushahidi. Ukimwambia Naftaly kwamba mhusika fulani ana wivu, atakuuliza ni onyesho gani. Ukimtajia onyesho, atakuuliza nani alisema hayo, na alikuwa akimwambia nani. Hata nyumbani, Wawira akilalamika kwamba jirani ana kiburi, aliombwa mifano miwili. Wawira alikuwa amekoma kulalamika, na Naftaly akadhani amempata mke asiye na malalamiko.

Kulikuwa na tamthilia moja kongwe aliyoipenda kuliko zote. Ndugu wawili, Tengo na Sudi, wameachiwa kisima na baba yao. Tengo, yule mkubwa, amekitunza peke yake miaka mingi; Sudi anarudi kutoka ng'ambo kudai nusu yake, na katika onyesho la nne Tengo anamuua. Naftaly aliijua kama njia ya kwenda msalani. Sifa za Tengo alikuwa ameziandika ubaoni mara nyingi hata chaki ilikuwa ikijiendea yenyewe: mwenye wivu, mwenye tamaa, mwenye hasira, mkaidi. Nne, kila moja na ushahidi wake. Mwanafunzi aliyeziweka hizo nne alipita, na aliyeongeza ya tano kutoka kichwani mwake alijitafutia balaa.

Muhula wa pili, siku ya Jumatano, aliwapa Kidato cha Tatu mtihani wa swali moja. Mchambue Tengo. Thibitisha kwa kurejelea tamthilia. Alama ishirini.

Alhamisi jioni alisahihisha. Karatasi ya Cheruto ilikuwa katikati ya rundo. Cheruto alikuwa msichana mkimya wa safu ya tatu, bintiye Kipkirui, mkulima wa kule juu kwenye mashamba yaliyonunuliwa na wazee baada ya masetla wa Kizungu kuondoka. Kwa kawaida alipata kumi na nne, kumi na tano. Safari hii alikuwa ameandika hivi:

"Watu husema Tengo ana hasira. Si kweli. Mtu wa hasira ungemsikia. Tengo ni mtaratibu. Tangu waambiwe shamba litagawanywa, hajapaza sauti hata siku moja. Amemuuza mbwa, na mbwa alikuwa mzuri. Amemwambia mama aende kwao apumzike wiki moja, na hajawahi kumwambia mama apumzike. Amechimba choo kipya nyuma ya mahindi, kirefu sana, na choo cha zamani hakijajaa. Kila jioni anamuuliza ndugu yake angependa kula nini akija. Ndugu yake atafika Ijumaa kabla ya giza, na hakuna jirani anayejua wa kumwambia asije."

Sasa, wewe umeelewa. Mimi nimeelewa. Mtu yeyote anayejua kusoma angeelewa. Lakini Naftaly hakuwa akisoma, alikuwa akisahihisha, na hizo ni kazi mbili. Alipiga mstari chini ya neno "mama" akaandika juu yake "mkewe". Alikata "shamba" akaandika "kisima". Pembeni pa choo aliandika: Ukurasa gani? Pembeni pa Ijumaa aliandika: Siku hazitajwi. Alihitimisha kwamba msichana hakukisoma kitabu na alikuwa akijaza karatasi, akampa nne juu ya ishirini, na moja kati ya hizo nne ilikuwa ya mwandiko mzuri.

Alikuwa na desturi yake. Kila akirudisha mtihani, aliwasomea darasa jibu moja la kuchekesha kabla ya kugawa karatasi. Wanafunzi walilisubiri kama wali wa Krismasi. Hakuwa akitaja jina. Alijiona mwungwana kwa hilo. Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, alisimama mbele yao akasoma mbwa, akasoma mama wa kupumzika, na alipofika kwenye choo akavua miwani.

"Mwandishi aliandika tamthilia nzima akasahau choo," alisema. "Bahati nzuri tumepata mtu wa kumchimbia."

Darasa liliangua kicheko. Joyline, jirani ya Cheruto nyumbani na rafiki yake wa dawati, aliutambua mwandiko kutoka alipokaa, akapiga kelele, "Ni Cheruto! Mwalimu, si hiyo ni choo yao! Wamechimba juzi!" Kicheko kikawa mara mbili. Naftaly naye alicheka. Cheruto aliangalia mikono yake.

Darasa lilipotoka, msichana alibaki kwenye dawati lake.

"Mwalimu, umeisoma yote?"

"Yote."

"Hata pale mwisho?"

"Hata pale mwisho. Kasome kitabu, Cheruto."

"Sawa, mwalimu," alisema. Aliiacha karatasi pale juu ya dawati akaenda.

Saa tisa, Naftaly alikuwa katika chumba cha walimu akifunga begi la kwenda Rhonda. Mwalimu Kui, anayefundisha hesabu na anayeishi huko huko juu, alikuwa akinywa chai.

"Leo ukishuka Nakuru mtapishana na Kimeli," Kui alisema. "Yule brother ya Kipkirui, mwenye duka ya mabati. Anakuja kulala huko juu, kesho sorovea anawapimia shamba wagawane. Miaka ishirini Kipkirui amelima hiyo shamba peke yake, sasa aikate katikati. Lakini ameichukua poa, heri yeye. Jana nilipitia maziwa, hata nikamkosa mama Cheruto. Ati ameenda kwao kupumzika."

Naftaly aliacha kufunga begi. "Na mbwa?"

"Mbwa gani?"

"Ulipopitia. Mbwa alibweka?"

Kui alifikiri. "Sasa ukiuliza hivyo, hapana. Sikuona mbwa."

Naftaly aliogopa. Ilikuwa hofu iliyochanganyika na aibu. Alikwenda mbio hadi Kidato cha Tatu. Dawati la Cheruto lilikuwa halina mtu, karatasi ikiwa pale pale na wino wake mwekundu. Joyline alikuwa akifagia.

"Cheruto yuko wapi?"

"Alienda home lunch, mwalimu, hakurudi. Tulienda na yeye. Tulipata babake kwa gate, nikamwambia vile ulisoma composition ya choo tukacheka." Joyline alitabasamu. "Hata yeye alicheka. Akasema, 'Kumbe Cheruto ni mwandishi.' Akamwambia aingie ndani."

Kwenye daftari la wazazi, Kimeli ndiye aliyeandikwa wa pili chini ya jina la Cheruto. Naftaly alimpigia mara sita, na mara sita yule mama wa kwenye simu akamwambia mteja hapatikani. Alitia ile karatasi mfukoni, akachukua bodaboda hadi njia panda, pale barabara ya vumbi inapoachana na lami, maana Kimeli hangeweza kufika kwa ndugu yake bila kupita hapo. Alisimama hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Kila gari lililopunguza mwendo alilikimbilia. Alitamani kupanda juu mwenyewe, lakini alihofia kwamba akiondoka, Kimeli angepita. Alijichukia kwa kutokuwa na miguu minne.

Pikapu ilifika saa kumi na moja na nusu. Kimeli alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na kwenye kiti cha pili alikuwa amebeba mikate na sukari.

"Usiende," Naftaly alisema, akishika dirisha. "Mimi ni mwalimu wa Cheruto. Tafadhali usiende."

"Mwalimu, ni kwa brother yangu naenda. Kuna shida ya fees?"

Naftaly alimpa karatasi. Kimeli aliisoma akitabasamu, kisha akairudia tangu juu, na mara ya pili tabasamu halikuwepo.

"Hii ni kitu gani?"

"Ni mtihani."

"Ya kitabu gani?"

"Si ya kitabu."

Kimeli aliondoa mkono kwenye gia. "Ananipigia kila jioni," alisema. "Jana ameniuliza kama bado napenda mbuzi ya kuchemsha." Akaiangalia ile karatasi tena. "Huyu mtoto yuko wapi saa hii?"

"Nyumbani. Na babake anajua ameandika. Nilisoma mbele ya darasa."

Kimeli hakumlaumu. Alitupa mikate nyuma ili Naftaly apate pa kukaa.

Walifika jua likiwa limegusa milima. Geti lilikuwa wazi na hakuna kilichobweka. Nyuma ya mahindi walisikia koleo, wakafuata sauti. Kipkirui alikuwa amevua shati, akirudisha udongo ndani ya shimo. Lilikuwa limejaa nusu. Alimsalimia ndugu yake kwa mikono miwili, akamsalimia na mwalimu.

"Karibuni. Nasikia choo yangu imekuwa kichekesho huko shule," alisema. "Nikaona afadhali niifukie."

Naftaly alilitazama shimo. Udongo ulikuwa mbichi, umeshindiliwa vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka.

"Cheruto yuko wapi?" aliuliza.

"Amelala."

"Saa hii?"

"Kichwa kilimuuma."

Naftaly aliita jina lake. Hakuna aliyejibu. Kimeli akaita, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wapakiaji mizigo, na bado kimya. Kipkirui aliendelea kurudisha udongo, koleo moja, koleo jingine. Ndipo Naftaly, mtu wa miaka hamsini na moja, aliporuka ndani ya lile shimo na kuanza kuchimba kwa mikono, akilia. Kipkirui alisimama akamwangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wa wenyewe kwenye shamba lake.

"Mwalimu, toka huko," alisema kwa upole. "Utachafuka."

Kisha, kule nyumbani, mlango wa jikoni uligongwa kutoka ndani. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli nje. Kimeli aliuvunja kwa jiwe, na Cheruto akatoka, bado amevaa sweta ya shule, mzima, uso umevimba kwa kulia. Alimpita baba yake bila kumtazama, akaingia ndani ya pikapu. Naftaly alimfuata, udongo hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu," Cheruto alisema kupitia dirishani, "hiyo karatasi nilikuandikia wewe."

Chifu alikuja kesho yake, akasikiliza pande zote. Kuchimba choo si kosa, alisema, na kukifukia pia si kosa. Kuuza mbwa si kosa. Kuhusu mzazi kumfungia mtoto aliyeaibisha nyumba, aliwaonya wasirudie. Karatasi ya mtihani aliishika kwa vidole viwili akauliza kama ndiyo hiyo pekee waliyonayo. Shamba halijapimwa mpaka leo. Cheruto anasoma mbali, kwa mipango ya Kimeli na mama yake, na shule yenyewe inajulikana na watu wanne tu.

Naftaly ni mmoja wao. Bado anafundisha. Hasomi tena majibu ya mtu mbele ya darasa, na hukesha na karatasi ambazo zamani zilimchukua saa moja. Kila Jumanne, siku ya soko, hukutana na Kipkirui kwenye barabara ya vumbi. Kipkirui husimamisha baiskeli, hushuka, na humsalimia kwa heshima zote.

"Mwalimu, huyu mtoto wetu," humuuliza, polepole, bila hasira yoyote, "siku hizi yuko shule gani?"

"Sijui," Naftaly humjibu.

"Sawa," husema Kipkirui. "Nitakuuliza tena wiki ijayo."