Kura za Mahindi ya Wino

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifundisha kisomo cha watu wazima kila alasiri katika shule ya kijiji chetu, upande wa Kahama. Vijiji vya ujamaa vilikuwa bado vipya wakati huo. Nyumba nyingine hazikuwa hata na milango. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa kina mama, wengi wao wa umri wa kunizaa, na waliniita mwalimu huku wakinituma maji.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa baba yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Alikuwa mchapakazi, mkali kidogo, na mtu wa kukumbuka kila kitu. Uchaguzi wetu ulifanyika kwa kunyoosha mikono, naye alikaa mbele akitazama mkono wa nani umekwenda wapi. Hata kama hakusema neno, watu waliona anatazama.

Mwaka ule alijitokeza kijana mmoja kushindana naye. Alikuwa ametoka kuchimba dhahabu Bulyanhulu, akarudi na baiskeli na habari nyingi. Alituambia kwamba kwenye shimo lao wachimbaji walimchagua kiongozi wao wenyewe, na akiharibu walimwondoa. Tulimsikiliza vijana sita, tumekaa kwenye nyasi za uwanja wa mpira, mimi nikiwa msichana peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba jambo kama hilo lingeweza kuombwa na watu kama sisi. Kabla hatujaachana tulikubaliana kudai kura ya siri, na wenzangu wakasema niseme mimi, kwa sababu nimezoea kusimama mbele ya watu wazima.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama. Nilimwamkia katibu kata aliyekuja kusimamia, nikawaamkia wazee, kisha nikaomba safari hii tupige kura bila mtu kumwona mwenzake. Baba mkubwa alinigeukia.

"Mnamwogopa nani?" akauliza.

Nyuma yangu akainuka mjane mmoja wa darasa langu, mama mpole ambaye hata kusoma kwa sauti alikuwa anaona haya.

"Tunakuogopa wewe, Mwenyekiti," alisema. "Uchaguzi uliopita nilinyoosha mkono upande wa mwenzako. Trekta la kijiji likafika shambani kwangu mvua zimekwisha."

Baba mkubwa alisema lile trekta lilikuwa limeharibika, na nadhani ni kweli liliharibika. Lakini mama yule hakukaa. Alibaki amesimama, na wanawake wengine wawili wakasimama naye. Mwishowe katibu kata akasema haoni ubaya wa kura ya siri, ila wengi hawajui kuandika, na siku zilizobaki ni tatu. Tukipata njia, sawa.

Njia waliipata kina mama wenyewe, kesho yake darasani. Mmoja alisema tuweke mitungi miwili ya maji, kila mtu atumbukize punje moja ya mahindi. Mwingine akasema punje ikidondoka mtungini italia, na walio nje watajua ni mtungi upi. Basi tukakubaliana kutia pamba chini, maana pamba haikuwa kitu cha kutafuta kwetu. Mimi nikahofia watu kuja na punje zao mfukoni. Mwalimu mkuu akatupa chupa ya wino wa shule, tukaloweka mahindi yote ya kura mchana ule ule. Vidole vyetu vilikuwa vya bluu hadi viganjani, na tulicheka kama watoto.

Siku ya kura watu walijipanga tangu asubuhi. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akimpa kila mtu punje moja. Ndani, mtungi mmoja ulichorwa jembe kwa chaki, huo ni wa baba mkubwa. Wa pili ulichorwa nyumba, wa kijana. Zamu yangu ilipofika niliingia peke yangu. Nilimfikiria mtu aliyenilisha na kunivisha. Kisha nikatia punje yangu kwenye mtungi wa nyumba. Haikutoa sauti yoyote. Nilitoka nje nikiwa mwepesi, nikamkuta yule mjane akiingia huku amefunga kitenge kipya, kama anayekwenda kanisani.

Katibu kata alimimina mitungi kwenye nyungo mbili mbele ya wote. Katika mahindi ya bluu zilionekana punje tatu nyeupe, na zilitoka kwenye mtungi wetu, ule wa nyumba. Nilitamani kujificha. Alizitupa pembeni akaendelea kuhesabu, watu wote wakihesabu naye kwa sauti.

Baba mkubwa alishinda kwa punje saba.

Nilidhani tungehuzunika. Badala yake kijiji kililipuka kwa vigelegele, walioshinda na walioshindwa pamoja. Kijana alikwenda kumpa mkono baba mkubwa. Jioni ile ile wakachaguliwa wajumbe wa halmashauri, kwa mitungi hiyo hiyo, mmoja wa ndiyo na mwingine wa hapana, na kati yao walikuwamo yule kijana na yule mjane.

Asubuhi nilimpelekea baba mkubwa uji nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akapokea bakuli.

"Sikujua wanaoniogopa wako wengi namna ile," alisema.

Nilimwambia hata mimi sikujua. Hakuniuliza kura yangu niliitia wapi, nami sikumwambia. Aliniagiza niandike zamu za trekta kwenye karatasi kubwa na kuibandika kwenye mlango wa duka, kila mtu aisome.

Juma lililofuata walikuja vijana wawili kwa baiskeli kutoka kijiji cha jirani. Walikuwa na uchaguzi wao, wakataka kujua pamba inawekwa kiasi gani na wino unakauka kwa muda gani. Nilianza kuwaeleza, nikaona maneno hayatoshi. Nikamwomba mama mkubwa ruhusa, nikapanda nyuma ya baiskeli, tukaondoka na mtungi mmoja nimeupakata.