Mpiga Eksirei na Supu ya Mwani

Kila asubuhi, kabla hajawasha mashine, mpiga eksirei wa ile zahanati mpya ya binafsi pale Newala alitafuna konzi nzima ya majani ya mlonge, kisha akachemsha mwani aliouagiza Mtwara, akanywa supu yake huku macho yamemtoka. Aliamini inasafisha mionzi mwilini. Muuguzi Theodora alikuwa amemchoka. Maji yenyewe yalipandishwa kutoka mabondeni yakiwa vichwani mwa wanawake, na huyu anapikia majani ya baharini! "Kaka, mionzi haitoki kwa supu," alimwambia hadi ulimi ukamkauka. Naye alijipangusa vidole vyake vyenye madoa ya dawa ya kusafishia picha, akajibu kwa sauti ya chini, "Haidhuru, dada. Supu haijamuua mtu."

Siku moja akaletwa mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho, mkono umevunjika, hatulii. Mama yake alikuwa mjamzito, wakamtoa nje. Theodora akasogea ili amshike mtoto, lakini mpiga eksirei akamzuia. Akamfunika mtoto kwa aproni ya risasi ya kukinga mionzi, moja tu waliyokuwa nayo, akaushika ule mkono kwa mikono yake mitupu.

"Nenda nyuma ya ukuta, ubonyeze swichi ya mashine."

"Na wewe je?"

"Wote wanaolia nawashika hivihivi. Bonyeza, dada, mtoto anaumia."

Theodora akabonyeza. Mchana uleule alikwenda kuketi mlangoni kwa mwenye zahanati, na hakuinuka mpaka aliposikia simu ya kuagiza aproni nyingine ikipigwa.