Bwana wa Mchana

Bi Mkunjo hakuzaliwa na jina hilo, alipewa kazini. Miaka ishirini na miwili amekunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na ukiutazama mkunjo wake ungeapa umepigwa rula. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, lakini presha haikutaka kusubiri.

Shuka la wodini ni pana, linataka watu wawili. Mwenzake alikuwa mwanamke wa rika lake, mdomo haumtulii, na watu waliwaita mapacha ingawa mmoja mrefu kama ngazi na mwingine kibonge. Wanashika pembe, wanavuta, wanasogeleana mpaka mikono inagusana, kisha wanarudi nyuma. Hata umbea wao ulikwenda kwa vipande, neno moja kila wakikutana.

"Jirani yangu kaolewa tena." Wakarudi nyuma.

"Na nani?" Wakarudi nyuma.

"Na yule yule!"

Hapo shuka lilianguka, nao wakacheka mpaka msimamizi akaja kuchungulia.

Siku daktari alipompima Bi Mkunjo, alikunja uso. "Mama, kuanzia sasa fanya kazi nusu siku. Mchana nataka ulale."

"Umesikia, mama?" akadakia binti yake aliyemsindikiza. "Usije ukajitia uziwi."

Msimamizi wa chumba cha kufulia akaisaini barua ya daktari. Naye Bi Mkunjo, mtu mzima na akili zake, hakuuliza mchana atakayeshika pembe za upande wa pili ni nani. Alidhani ataletwa mtu. Jamani, kudhani kumeponza wengi!

Asubuhi moja ndipo alipomuuliza Pacha wake, "Hivi mchana wamekupa nani?"

"Nimepewa bwana mmoja mrefu, mkimya, halalamiki kama wewe."

"Haya, usije ukamwibia mtu mume," akamtania, na mambo yakaishia hapo.

Miezi mitatu ikapita. Kichwa kiliacha kumgonga, usingizi ukarudi, hata ngazi za nyumbani akawa anazipanda bila kusimama. Siku moja akasahau dawa zake kazini, akarudi kuzifuata saa tisa. Loo! Pacha alikuwa peke yake. Pembe mbili za shuka kazifunga kwenye kitasa cha mlango, anavuta kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umening'inia tu.

"Bwana wako ndiye huyu?" Bi Mkunjo akauliza.

"Mkimya, si nilikwambia?" Pacha akajaribu kucheka. "Bega limekufa ganzi. Litapona."

Bi Mkunjo hakuchukua hata dawa. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, hasira zimempanda. Msimamizi akavua miwani, akasema mtu wa kuongeza hakuna, aliomba akanyimwa. "Mama, njia ni moja. Urudi wewe siku nzima."

"Basi narudi kesho."

Aliporudi kumpa Pacha habari hiyo, alitegemea shukrani. Pacha alilitupa shuka chini. Miaka yote ile hakuwahi kumwona amekasirika.

"Urudi ufanye nini? Mimi nikianguka, nitaumia bega. Wewe ukianguka, watakuleta humu hospitalini umefunikwa shuka, na shuka hilo nitalikunja mimi. Sitaki! Nenda nyumbani ukalale."

"Lakini wewe je?"

"Nenda, nimesema!"

Akaenda. Aibu ilimkaba, na ndani ya aibu kulikuwa na nafuu, maana kufa alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Alilala mchana ule kama alivyoamriwa, macho kodo, anatazama dari. Na kesho yake vivyo hivyo, na siku zote zilizofuata.

Mwisho wa mwezi akaenda kliniki. Daktari akampima mara moja, akampima tena, akatabasamu.

"Hongera, mama. Presha imeshuka vizuri sana. Unaona nusu siku ilivyokusaidia?"

Bi Mkunjo akaangua kilio, mabega yanatikisika. Daktari akamsogezea kitambaa, akamwambia hata yeye amefurahi, kisha akamwandikia miezi sita mingine ya nusu siku.