Matoke Aliyokula Mkwe

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliajiriwa ukarani katika hospitali moja ya misheni huku Kisii, kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulisomeka. Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu ya dawa ya usingizi kabla mgonjwa wa dharura hajanusishwa etha. Maswali kumi na manne. Bila fomu hiyo mgonjwa hapewi usingizi, na baadaye ofisi ya malipo haiandiki bili, na asiye na bili haruhusiwi kwenda nyumbani hata awe amepona namna gani.

Swali la tisa ndilo lililokuwa na uzito: mgonjwa amekula nini, na saa ngapi. Mtoa usingizi wetu, mtu wa pwani mwenye subira kubwa kuliko mshahara wake, alinieleza siku ya kwanza. Mtu akilazwa usingizi tumbo likiwa limejaa, chakula hurudi juu na kuingia mapafuni, na hapo hata maombi huchelewa.

"Binti, hayo mengine ukikosea tutasameheana," aliniambia. "Hilo la tisa, hapana."

Alasiri moja ya mvua, pikapu ya mfanyabiashara wa mawe iliingia kutoka Tabaka, kwenye machimbo ya mawe. Mbele, kando ya dereva, alikuwa mama wa makamo aliyejikunja kwa maumivu. Nyuma, katikati ya viboko na vifaru vya kuchongwa, alikaa mkwe wake, mchonga mawe, vumbi jeupe la kazi yake likiwa limegeuka uji mwilini kwa mvua. Asingeweza kukaa naye mbele. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana mpaka heshima inauma: hawapeani mikono, hawatajani majina, hawatazamani wakila. Hiyo tunaiita chinsoni, na mtoto wa Kigusii haulizi maana yake.

Daktari alimpapasa tumbo akasema ngiri imebana, apasuliwe sasa hivi. Nikamuuliza mama yule swali la tisa. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni akitazama ukuta.

"Sijala tangu jana," mama alisema, kwa sauti thabiti ambayo hakuwa nayo nilipomuuliza jina.

Nilijua anadanganya. Alikuwa ameniambia amekuja kumwona binti yake aliyejifungua, na wamama wa kwetu hawamwachi mgeni akae na njaa. Lakini kukiri kwamba alikula kwa mkwe, mkwe mwenyewe akisikia, asingekiri hata kwa kisu. Nilijua yote hayo, nikaandika: hajala. Sikutaka kumwaibisha. Mpaka leo nikiikumbuka kalamu ile ikitembea juu ya karatasi, najichukia.

Nilipotoka na fomu, mkwe alinifuata barazani, macho yake yakiwa bado pembeni.

"Kuna mtu amekula," alisema kwa Ekegusii.

"Mtu gani?"

"Mtu."

"Amekula wapi?"

"Kwa mtu."

Mimi si mwepesi wa subira. Nilimwambia fomu haina nafasi ya mtu, na kwamba yule mama atatufia mezani yeye akiniimbia mtu, mtu. Maji meupe yalimtiririka shingoni. Niliona mdomo wake ukijaribu neno, neno likakataa kutoka.

"Andika ni mimi," alisema hatimaye. "Matoke, sahani mbili. Na maziwa mala. Saa saba."

"Wewe hupasuliwi."

"Wewe andika tu, dada." Alikuwa karibu kulia.

Nikalikata neno hajala. Chini yake nikaandika: mkwe amekula matoke sahani mbili na maziwa mala, saa saba mchana. Mtoa usingizi aliisoma mara mbili, chupa ya etha mkononi.

"Binti, namlaza bibi au namlaza mkwe?"

"Bibi."

"Basi mkwe akila, yanihusu nini?"

"Bwana," nilisema, Kiswahili changu kikianza kunikimbia, "wewe fanya tu kama huyu mama ndio amekula hiyo chakula ya mkwe yake."

Akaiweka etha chini na kuomba mpira wa tumboni. Ulipitishwa puani mama akiwa macho, na haikuchukua muda beseni likawa na matoke, na maziwa juu yake.

"Ajabu ya Mungu," alisema yule mtu wa pwani kwa upole. "Mkwe ala huko, yafika huku."

Mama alifumba macho. Akalazwa, akapasuliwa, akaamka salama.

Nilidhani yamekwisha, kumbe ofisi ya malipo ilikuwa na mhasibu, mzee wa kanisa aliyeogopa uongo kuliko ukoma. Bili ya mama ilikuwa na mpira wa tumboni, na fomu ilisema aliyekula ni mkwe. Mpira ni wa aliyekula, alisema. Hawezi kumtoza mama mpira wa mtu mwingine. Nikamweleza. Alikuwa Mgusii kama mimi, akaelewa kila kitu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamfungulia mkwe faili. Mgonjwa wa nje. Ugonjwa: matoke. Akamwita atie sahihi kwamba alipitishiwa mpira, akatolewa chakula, akaruhusiwa akiwa na hali nzuri.

Nilisubiri mchonga mawe awake kwa hasira. Alitia sahihi taratibu, akalipa, akaikunja risiti na kuitia mfuko wa shati kama mtu aliyepewa hati ya shamba.

Siku mama aliporuhusiwa walisimama uani, hatua chache tu baina yao, kila mmoja akitazama upande wake, mimi katikati na barua ya kumruhusu. Mama alikwisha kupata habari zote. Wodini hakuna siri.

"Mwambie yule mtu," aliniambia, "nimesikia walimpitishia mpira. Ni kitu kinachouma sana. Mwambie pole."

Nikageuka nikamwambia, kwa Ekegusii kilekile, neno kwa neno, maneno aliyokwisha kuyasikia. Mchonga mawe aliugusa mfuko wa shati.

"Mwambie asante," alisema. "Mwambie nimepona."